Mbaazi za Masasi, kalamu ya New Delhi

Tarehe 5 Agosti 2017 Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje ya India ilitoa tangazo fupi. Mbaazi, ambazo Wahindi huziita tur au arhar, ziliondolewa kwenye orodha ya bidhaa zinazoingia nchini mwao kwa uhuru na kuhamishiwa kwenye orodha ya zenye ukomo. Ukomo ulikuwa tani 200,000 kwa mwaka wa fedha, kwa dunia nzima. Siku hiyo mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zilikuwa zikivunwa, na nyingine zilishaingia kwenye magunia. Tanzania peke yake, mwaka ukiwa mzuri, huvuna kiasi kinachokaribiana na ukomo huo. Na hapo hujahesabu Msumbiji, Malawi, Kenya na Myanmar, ambao wote walikuwa wamelima wakimtazama mnunuzi huyo huyo.

Misimu miwili kabla ya hapo kilo moja ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Msimu wa 2017 ilianguka hadi mia chache, na katika vijiji vingi ikashuka chini ya shilingi 300. Wapo waliohesabu gharama ya vibarua wa kuvuna na kupura, wakaona heri waziache shambani.

Tangu wakati huo nimesoma maelezo mengi juu ya mporomoko ule, na karibu yote yanaanza na maneno “soko la dunia”. Hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Mbaazi hazina soko la dunia kama lile la kahawa, pamba au ngano. Hakuna bei ya marejeo ya London wala New York ambayo ofisa ushirika wa Masasi anaweza kuifungua kwenye simu asubuhi. India ndiyo mlimaji mkubwa kuliko wote duniani, ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote, na ndiyo mnunuzi wa karibu kila punje inayovuka mpaka. Biashara ya kimataifa ya mbaazi ni kile kipande kinachopungua kati ya walichovuna Wahindi na wanachokula. Kipande hicho ni kidogo, kinayumba, na ukubwa wake huamuliwa na ofisi za serikali. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini bei ya Nachingwea ilipanda au kushuka aanzie huko.

Mwaka 2014 mvua za masika za India zilipungua, na 2015 zikapungua tena. Oktoba 2015 bei ya rejareja ya dal ya tur, yaani mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, katika miji mikubwa iligonga rupia 200 kwa kilo. Kwa familia ya Kihindi isiyokula nyama, dal ni protini ya kila siku, na serikali inayoshindwa kudhibiti bei yake huadhibiwa kwenye sanduku la kura. Serikali ya Narendra Modi ikafanya kila kitu kwa pamoja. Iliweka viwango vya juu vya akiba ambayo mfanyabiashara anaruhusiwa kushikilia, ikavamia maghala, ikaanzisha ghala la dharura la jamii ya kunde, na ikatuma wajumbe nje kutafuta mbaazi. Julai 2016 Modi mwenyewe alizuru Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Maputo alitoka na hati ya makubaliano kwamba India itanunua mbaazi za Msumbiji, kuanzia tani 100,000 na kupanda hadi 200,000 kufikia mwaka wa fedha wa 2020/21. Ziara ya Dar es Salaam haikuzaa hati ya namna hiyo kwa mbaazi zetu, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilionekana.

Wakati huo huo serikali ile ilikuwa ikimhimiza mkulima wake. Septemba 2016 kamati iliyoongozwa na mshauri mkuu wa uchumi, Arvind Subramanian, ilipendekeza bei ya chini inayotangazwa na serikali ipandishwe, na serikali inunue kweli badala ya kutangaza tu. Kwa msimu wa 2016/17 bei hiyo, pamoja na nyongeza yake, ilikuwa rupia 5,050 kwa kwintali. Mvua zikarudi. Wakulima wa Maharashtra na Karnataka, wakiwa na kumbukumbu ya bei za 2015, wakapanda kuliko ilivyowahi kutokea. Mavuno ya tur yakaruka kutoka takriban tani milioni 2.6 mwaka 2015/16 hadi karibu tani milioni 4.9 mwaka uliofuata. Juu ya mavuno hayo zikaingia tani laki saba hivi kutoka nje, zilizokuwa zimeagizwa wakati wa hofu. Masoko yakajaa, bei ikaanguka chini ya ile iliyotangazwa, na wakulima wa Kihindi wakaandamana.

Mwaka 2015 aliyekuwa akilia ni mlaji, na serikali ikafungua milango. Mwaka 2017 aliyelia ni mkulima, na serikali ikaifunga. Mara zote mbili iliwasikiliza watu wake. Siandiki haya kuilaumu. Serikali isiyosikiliza watu wake ina matatizo makubwa kuliko mbaazi. Lakini katika hesabu hiyo ya watu wawili, mkulima wa Babati hayumo. Hapigi kura Maharashtra, na dal ikipanda bei Delhi si yeye anayelalamikiwa. Yeye ndiye wa kusogezwa ili hao wawili wapate nafasi.

Sasa nije kwenye chombo kilichotumika, kwa sababu chombo nacho kina uchumi wake. Machi 2017, miezi mitano kabla ya ukomo, India ilijaribu ushuru wa forodha wa asilimia 10 kwenye tur. Haukusaidia kitu, na sababu yake inachekesha. Tangu 2008 India ina mpango wa kuziruhusu bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi kuingia bila ushuru. Tanzania, Msumbiji, Malawi na Myanmar zote zimo kwenye kundi hilo. Aliyebaki kulipa asilimia 10 miongoni mwa wauzaji wanaojulikana alikuwa Kenya, ambayo haihesabiwi humo. Yaani New Delhi ilijenga ukuta, ikakuta karibu wageni wake wote walishapewa ufunguo na New Delhi yenyewe. Ndipo ikaokota chombo ambacho hakijali ufunguo, yaani ukomo wa kiasi. Upendeleo tulioushangilia mwaka 2008 ulikuwa wa kweli, ila ulihusu ushuru tu, na palipokuja ukomo ukakosa kazi.

Kwa mkulima wa nje, ukomo ni mbaya kuliko ushuru hata pale vinapozuia tani zile zile. Ushuru ukiwa asilimia 30, mwenye mbaazi nzuri na gharama ndogo bado anaweza kuingia kwa kupunguza bei yake, na anajua amepunguza kwa kiasi gani. Ukomo ukijaa, hata mbaazi za bure haziingii. Halafu kuna suala la nani anapata tofauti ya bei. Ndani ya India bei inabaki juu kidogo kwa sababu bidhaa imezuiwa. Nje inaanguka kwa sababu bidhaa imerundikana. Katika ushuru, sehemu ya pengo hilo inakwenda hazina ya serikali. Katika ukomo, inakwenda kwa mwenye kibali. Baada ya 2017 vibali hivyo viligawiwa kwa wenye viwanda vya kukoboa dal wa India. Mwenye kiwanda mwenye kibali alinunua mbaazi za Afrika kwa bei ya mtu aliyekata tamaa na kuziuza katika soko lililolindwa. Faida ile ilitengenezwa na karatasi, na karatasi haikuwa mikononi mwetu.

Hata Msumbiji, iliyokuwa na hati yake, haikupona kama tulivyodhani kwa wivu. Shehena zake ziliendelea kupata njia, kwa kuwa makubaliano ya serikali kwa serikali yaliachwa nje ya ukomo. Lakini bei ya mkulima wa Zambezia na Nampula nayo iliporomoka mwaka 2017. Hati iliahidi tani. Haikuahidi bei, wala haikusema nani ndani ya Msumbiji atapata haki ya kusafirisha. Pale penye mgao wa tani bila utaratibu wa kuugawa, wanaosafirisha wanakuwa wachache, na wachache wakimkabili mkulima asiye na ghala, bei inaandikwa na wao. Mwishoni mwa 2023, India ikiwa na njaa ya tur, shehena kubwa zilikwama bandari ya Nacala kwa mvutano wa makampuni juu ya nani asafirishe. Meli zikasubiri, na dal ikapanda bei Mumbai. Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakisema tatizo letu ni kukosa hati kama ya Msumbiji, au kama zile ambazo Malawi ilipata mwaka 2021 kwa tani 50,000 na Myanmar kwa tani 100,000 za tur kwa mwaka, huwa nauliza hati ya namna gani.

Wengine husema tungekwenda Geneva. Kisheria hoja ipo. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, katika ibara yake ya 4.2, uliwataka wanachama wageuze vizuizi vya kiasi kuwa ushuru wa kawaida, na India imejiwekea dari ya asilimia 100 kwa mazao mengi ghafi ya kilimo. Ingeweza kupandisha ushuru hadi huko bila kuvunja neno lake. Ukomo wa tani ni jambo jingine. Waliosimama kuhoji kwa sauti walikuwa Kanada, Australia, Marekani na Umoja wa Ulaya. Kanada na Australia walikuwa na sababu zao, maana kati ya Novemba 2017 na Machi 2018 India ilipandisha ushuru wa njegere za manjano hadi asilimia 50 na wa dengu hadi 60. Februari 2019 Marekani na Kanada zikawasilisha hesabu yao wenyewe kwamba India inawasaidia wakulima wa jamii ya kunde kupita kiwango inachoruhusiwa. Ukomo ukaendelea kuwepo. Kesi za shirika hilo huchukua miaka hata zinapokwenda vizuri, na tangu Desemba 2019 chombo chake cha rufaa hakina waamuzi wa kutosha kukaa. Mbaazi hazisubiri hukumu ghalani. Hadi hukumu itoke zitakuwa zimeliwa na fukusi.

Mei 2021 kalamu ikageuka tena. Bei za India zilikuwa zimepanda, ukomo ukaondolewa, na tur ikaruhusiwa kuingia kwa uhuru hadi 31 Oktoba mwaka huo. Muda ukasogezwa hadi 31 Machi 2022, kisha 31 Machi 2023, 2024, 2025 na, kwa tangazo la Januari 2025, hadi 31 Machi 2026. Machi 2023 ushuru ule wa asilimia 10 ukaondolewa kwa mbaazi nzima, ukabakizwa kwa zilizokobolewa na kupasuliwa. Kisha zikaja hofu za El Niño na uchaguzi mkuu wa India wa 2024, na kwenye minada yetu kilo ikagusa tena shilingi 2,000. Waliobaki na mbegu walicheka. Waliong'oa na kuhamia ufuta waliangalia tu.

Nataka kukaa kidogo kwenye tarehe ile ya 31 Machi, kwa sababu nadhani ndipo penye kiini cha shida yetu, na hapazungumzwi. Mbaazi zetu hupandwa na mvua za mwishoni mwa mwaka na za mwanzo wa mwaka, nyingi zikichanganywa na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi zinabaki zikijitegemea kwa unyevu wa chini, na huvunwa kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba. India hupanda za kwake Juni na Julai, na kuvuna kuanzia Desemba. Kwa asili yetu sisi ni wauzaji wazuri mno kwake: tunafika Agosti hadi Novemba, wakati maghala yake yamepungua na mavuno mapya hayajaingia. Jiografia imetupa dirisha. Ila tarehe ya mwisho ya ruhusa, iliyofungwa na mwaka wa fedha wa India, inaangukia katikati ya msimu wetu, baada ya kupanda na kabla ya kuvuna. Na tangazo la kuisogeza halina siku yake. Mara lilitoka mwishoni mwa Desemba, mara Januari, mara Machi ikiwa inakatika. Mkulima wa Karatu anaamua Desemba ni mistari mingapi ya mahindi aiweke na mbaazi, na wakati huo hakuna mtu, hata balozi wetu kule, anayejua kama mwezi wa nane mlango utakuwa wazi.

Kutokujua huku kuna gharama hata katika miaka ambayo mlango unabaki wazi. Msafirishaji asiyejua kama ruhusa itadumu hukata bei ya kununulia ili ajikinge, na benki humkopesha kwa masharti magumu zaidi. Kiwanda cha kukoboa ambacho mtu angekijenga Arusha au Mtwara hakijengwi, au kinajengwa kwa mtaji wa mtu mwenye jamaa Mumbai anayeweza kumnong'oneza mapema. Hiyo nayo ni aina ya ushuru, na unalipwa na kila mtu isipokuwa mwenye habari.

Kwa hiyo, kama ningekuwa na nafasi ya kuandika sentensi moja katika maombi yetu kwa New Delhi, nisingeomba tani zaidi. Ningeomba tarehe. India ikubali kutangaza ruhusa ya mwaka unaofuata kabla ya Oktoba kwisha, na ikubali kwamba mabadiliko yoyote ya ghafla hayatazigusa shehena ambazo hati zake za meli zimeshatolewa. Ombi hilo haliwagharimu wakulima wake chochote, kwa kuwa halizuii serikali kufunga. Linaitaka ifunge kwa notisi. Na lina faida kwake pia. Mwaka 2023 iligundua kwamba ukiwatisha wauzaji wako wakahama zao, siku unayowahitaji unawakuta wamepanda kitu kingine, na bei ya dal inapanda mbele ya wapiga kura. Mnunuzi anayetaka kuwa na mtu wa kumkimbilia wakati wa ukame lazima amtunze wakati wa neema, hata kidogo. Hoja hii ina nguvu New Delhi kuliko kilio cha umaskini wetu, ambacho wameshakisikia kutoka kwa kila nchi.

Hati ya tani nayo isitupwe, ila iwe na mambo mawili yaliyokosekana Maputo: namna bei itakavyopatikana, na namna mgao utakavyogawiwa kwa uwazi ndani ya nchi. Hapa kwetu tuna mwanzo. Mbaazi zimeingizwa kwenye stakabadhi ghalani, zinakusanywa na vyama vya msingi, na zinauzwa kwa minada inayoendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mfumo huu una maadui wengi, na baadhi ya malalamiko yao ni halali: malipo yanachelewa, makato ya njiani ni mengi, na mkulima mwenye shida ya leo hawezi kula stakabadhi. Lakini umeondoa lumbesa katika maeneo mengi, na umeleta kitu ambacho zamani hakikuwepo, yaani bei inayoonekana na kila mtu siku ile ile. Mgao wowote wa kwenda India ukipitia mnada huo, faida ya karatasi inagombaniwa na wanunuzi hadharani, na sehemu yake inashuka hadi shambani.

Mnada una mipaka yake, hata hivyo, na wanasiasa wanaousifu majukwaani wangefanya vizuri kuisema. Mnada unaondoa ujanja kati ya mkulima na mchuuzi, lakini hauwezi kuzaa mnunuzi ambaye hayupo. Wanaoingia kwenye minada ile wanauzia bandari zile zile za India, wakisoma matangazo yale yale. New Delhi ikifunga, watakaa kimya kwa pamoja, na bei itakayoonekana kwa uwazi itakuwa shilingi 300.

Nina shaka pia na wimbo wa kuongeza thamani. Kukoboa mbaazi na kupasua dal hapa nchini kunaleta ajira, na pumba zake zinalisha mifugo. Lakini hakuwi kinga dhidi ya sera ya mnunuzi. Ule ushuru uliobakizwa kwa mbaazi zilizopasuliwa unaonyesha India inataka kazi ya kukoboa ifanyike kwake, ambako ina maelfu ya viwanda vidogo vyenye njaa ya malighafi. Mwenye msamaha wa nchi maskini anaweza asiuhisi leo. Kesho viwanda vile vikilia, chombo kingine kitaokotwa, kama kilivyookotwa 2017. Anayejenga kiwanda ajenge akiwafikiria pia Wahindi wa Uingereza, Kanada na Ghuba, ambao wanakula dal ile ile na hawatawaliwi na Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje. Soko hilo ni dogo, linadai usafi na vipimo vya mabaki ya viuatilifu, ila halifungwi kwa tangazo la usiku.

Kuna kitu kingine kilichotokea Desemba 2023 ambacho kilipita bila kelele hapa kwetu. India ilifungua milango kwa njegere za manjano bila ushuru. Zikaingia kwa mamilioni ya tani, nyingi kutoka Kanada na Urusi, kwa bei ya chini sana kuliko tur. Mlaji wa kipato kidogo huchanganya, na mwenye mgahawa huchanganya zaidi. Bei ya mbaazi zetu kwa hiyo ilianza kushindana na zao linalolimwa kwenye nyanda za Saskatchewan kwa mashine, ingawa hakuna hata siku moja mlango wa mbaazi ulikuwa umefungwa. Anayefuatilia tangazo la tur peke yake anasoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Kitabu chenyewe kina sura ya mwisho iliyoandikwa tayari. Januari 2024 waziri Amit Shah, akizindua mfumo wa wakulima wa tur kujisajili na kuuza moja kwa moja kwa mashirika ya serikali, alisema nchi yake itajitosheleza kwa jamii ya kunde ifikapo Desemba 2027, na kwamba kuanzia Januari 2028 haitaagiza hata kilo moja. Bajeti ya Februari 2025 ikaja na mpango wa miaka sita wa kujitosheleza, ukizilenga tur, choroko nyeusi na adesi, kwa ahadi kwamba mashirika ya serikali yatanunua kwa miaka minne chochote ambacho wakulima waliosajiliwa watakileta. Bei ya chini iliyotangazwa kwa msimu wa 2025/26 ilifika rupia 8,000 kwa kwintali.

Je, watafika? Mimi siamini watafika na kubaki huko. Tur ni zao la muda mrefu, linakaa shambani miezi sita hadi minane na kumzuia mkulima kupanda kitu kingine, na mavuno yake kwa hekta kule ni madogo, hayafiki hata tani moja kwa wastani. Huko Maharashtra linashindana na soya, ambayo inakomaa upesi na haimsumbui mtu. Serikali inaweza kununua mavuno ya mwaka mmoja wa neema, lakini ikinunua yote kwa miaka minne mfululizo itakuwa imejaza maghala na kumwaga fedha, na mwaka wa ukame utazirudisha meli. Wamewahi kukaribia kujitosheleza, mwaka ule ule wa 2016/17, na miaka minne baadaye walikuwa wakifungua milango kwa haraka. Ninachokitarajia ni kuyumba kukubwa zaidi: vipindi vya milango kufungwa kabisa kwa majigambo, na vipindi vya kununua kila kitu kwa pupa.

Na kabla hatujawakasirikia, tujitazame. Mwaka 2017 ule ule, India ikizuia mbaazi zetu, Tanzania ilikuwa imezuia mahindi yake kutoka nje ya nchi, na mkulima wa Sumbawanga alikuwa akitazama bei ikishuka wakati Kenya ilikuwa na njaa ya unga. Machi 2021 Kenya nayo ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Aprili 2025 sisi tukayazuia mazao ya Malawi, tukayafungulia siku chache baadaye. Katika kila tukio mlaji au mkulima wa ndani alisikilizwa, na wa ng'ambo ya mpaka akabeba mzigo. Tunapokwenda New Delhi kuomba notisi, watatuuliza kama tunawapa notisi majirani zetu. Tungekuwa na jibu zuri zaidi kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeanza yenyewe, kwa mahindi, utaratibu huo huo tunaoutaka kwa mbaazi.

Soko la ndani linatajwa kila bei inapoanguka, na hutajwa kwa namna inayowaudhi wakulima, kana kwamba wanaambiwa wale hasara yao. Ukweli ni kwamba pwani yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi cha heshima, na Ukambani, Makueni na Kitui, zimo kwenye sufuria za watu karibu mwaka mzima. Huko bei haikufa kabisa mwaka 2017, kwa kuwa kulikuwa na mlaji wa karibu. Bara ya Tanzania hali ni tofauti. Sehemu kubwa ya Manyara walilipokea zao hili kama la biashara, na aina zilizoboreshwa zilizoenea huko zilichaguliwa kwa rangi nyeupe na ukubwa wa punje anaoupenda mnunuzi wa nje. Shule za bweni na magereza hununua maharage kwa mazoea. Zabuni chache za mikoa zikiruhusu mbaazi mahali pa maharage pale bei inapokuwa chini, serikali itaokoa fedha na kilo itapata sakafu. Haitafika shilingi 2,000. Lakini kati ya 300 na 800 ndipo mkulima anapoamua kuvuna au kuacha.

Kazi iliyobaki ni ya kusoma, na ni rahisi kuliko zote. Wizara ya Kilimo ya India hutangaza hekta zilizopandwa tur wiki kwa wiki katika msimu wao. Mvua za Maharashtra na Karnataka zinapimwa kila siku na kuchapishwa. Akiba ya ghala la serikali yao, bei iliyotangazwa, kalenda ya chaguzi za majimbo, ushuru wa njegere za manjano: vyote viko wazi, kwa Kiingereza, bure. Mfanyabiashara wa Mumbai anavisoma kabla hajamtuma wakala wake Ruangwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko ikiweka watu wawili au watatu wa kuvisoma, na ikatoa kila Novemba ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosomwa redioni, unaosema mwaka huu panda zaidi au panda kwa tahadhari, mkulima wa Nanyumbu atakuwa ameingia mnadani akijua nusu ya anachokijua mnunuzi. Ukurasa huo utakosea baadhi ya miaka. Kwa bei ya mishahara mitatu, bado ni nafuu kuliko tani moja iliyoachwa shambani katika kila kijiji.